Kuendesha Masomo Endelevu ya Afya ya Wanawake Kituoni: Mwongozo kwa Wauguzi, Wakunga na Maafisa wa Kliniki wa Lamu

Mama akijifungua kisiwani Ndau usiku wa kusi, kisha damu ikaanza kumtoka bila kukatika, wa kumwokoa ni wale watu wawili au watatu waliomo chumbani mle. Baina yake na chumba cha upasuaji kuna bahari, kuna maji yanayojaa na kupwa kwa wakati wake, na kuna nahodha ambaye lazima kwanza aamshwe. Kwa sababu hiyo mimi huyahesabu masomo endelevu ya afya ya wanawake kuwa sehemu ya matibabu yenyewe, sawa na dripu na sindano, na naamini mahali pake ni pale pale anapolala mgonjwa, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mwongozo huu ni wa mhudumu anayetaka kuyaanzisha kituoni kwake, hata kama wahudumu ni wanne tu na fungu la fedha halipo. Nimeupanga kwa hatua, na msomaji asishangae kuona hatua nyingine ndefu na nyingine fupi, kwa kuwa ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Hatua ya kwanza: Isome rejista yako kabla ya kuchagua mada

Chukua rejista ya kujifungua, daftari la rufaa na fomu za kliniki ya waja wazito za miezi sita iliyopita, keti na mwenzako mmoja asubuhi moja, mzipitie ukurasa kwa ukurasa. Andikeni ni akina mama wangapi walipelekwa hospitali kubwa na kwa sababu gani, ni wangapi ambao presha yao haikuandikwa hata mara moja, ni watoto wangapi waliozaliwa bila kulia, na ni wanawake wangapi waliokuja kwa ajili ya chango au uchafu wa ukeni wakapewa dawa ileile mara tatu bila kuchunguzwa. Mada za mwaka zitoke humo. Mada inayoletwa na mgeni kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo tayari kwenye kompyuta yake inaweza kuwa nzuri, lakini haitajibu swali la kituo chako.

Ukiona rejista haionyeshi mama hata mmoja aliyetokwa na damu nyingi katika miezi sita, usifurahi haraka. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulihusisha zaidi ya wanawake 200,000, na ulionyesha kwamba pale wahudumu walipokadiria damu kwa namna waliyoizoea, waligundua takriban asilimia 51 tu ya akina mama waliokuwa wakitokwa na damu kupita kiasi, ilhali pale ilipopimwa kwa mfuko wenye vipimo waligundua asilimia 93. Basi ukurasa mtupu katika rejista huenda ukawa ni habari ya macho yetu kuliko ya damu ya akina mama.

Jambo moja la kuchunga katika hatua hii ni siri. Lamu ni mji wa watu wanaojuana mpaka ukoo wa tatu, na hata ukificha jina, ukisema “mwanamke wa Siyu mwenye mimba ya tano aliyeletwa kwa boti usiku wa mkesha wa Idi,” umeshamtaja. Mnapotumia kisa kufundishia, badilisheni kijiji, umri na siku, mbakize yale tu yanayohusu uamuzi wa kitabibu. Na iwe ni sharti la kikao kwamba hatuulizani ni nani aliyekuwa zamu, kwa kuwa mhudumu akishaogopa kulaumiwa ataanza kuandika rejista nzuri badala ya rejista ya kweli.

Hatua ya pili: Panga kalenda inayokwenda na maisha ya hapa

Kikao kimoja cha dakika arubaini kila wiki kinazaa zaidi ya siku nzima mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mkono husahau upesi kile usichokirudia. Chagueni siku na saa inayowafaa walio zamu na wanaotoka zamu, kwa kawaida mara tu baada ya makabidhiano ya asubuhi. Ijumaa mchana haifai. Wiki ya Maulidi iacheni wazi. Walimu wa kutoka Mombasa waalikeni wakati wa maleleji, bahari ikiwa imetulia, msije mkawapangia safari ya Kiunga katikati ya kusi wakakwama njiani. Mwezi wa Ramadhani vikao viendelee, ila viwe asubuhi mapema na viwe vifupi.

Mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, uwe na mada yake maalumu, nayo ni mja mzito na funga. Wanawake wengi watakuuliza, na wengine hawatauliza bali watafunga na kuacha dawa zao za presha, za kisukari au za kuzuia virusi vya UKIMWI. Wahudumu wajizoeze kumweleza mama ni dalili gani zinazomtaka afungue siku hiyohiyo, kama vile kizunguzungu, mtoto kupunguza kucheza au mkojo kuwa mchache na mweusi, na ni dawa zipi zinazoweza kusogezwa zikanywewa futari na daku na zipi zisizoweza. Mwalikeni imamu au ustadhi wa msikiti wa karibu aje aeleze mwenyewe ruhusa ambayo sheria ya dini imempa mja mzito na anayenyonyesha, kwa kuwa neno hilo likitoka kinywani mwake linakubalika nyumbani kuliko likitoka kwetu.

Miezi mingine igawanyeni kati ya uzazi na yale yanayosahaulika: saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, uzazi wa mpango, upungufu wa damu, fistula (tundu la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo au kinyesi), huzuni nzito baada ya kujifungua, kukoma hedhi, na huduma kwa mwanamke aliyebakwa au kupigwa. Hilo la mwisho lina saa zake ambazo kila mhudumu, hata wa mapokezi, lazima azijue: dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba kabla ya saa 120, na katika vyote viwili kuwahi ni bora kuliko kuchelewa.

Hatua ya tatu: Fanyeni zoezi la damu, kwa maji na leso

Hiki ndicho kikao cha kwanza ninachokishauri kwa kila kituo, na vifaa vyake vinapatikana sokoni. Chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe, tia rangi nyekundu ya kupikia na unga kidogo wa muhogo mpaka yawe mazito kama uji mwepesi. Pima mililita 300, uimimine juu ya leso iliyokunjwa mara nne, kisha uitandaze kitandani. Chukua mililita 500, uimimine nusu juu ya pamba na kitambaa cha kufungia vidonda na nusu nyingine kwenye beseni lenye maji ya uzazi ya kuigiza. Waite wenzako waingie mmoja mmoja, kila mtu aandike kwenye karatasi anadhani ni damu kiasi gani, bila kusemezana. Nimeliendesha zoezi hili mara nyingi, na kila mara makadirio huwa chini, na aghalabu anayekosea zaidi ni yule aliyezalisha wanawake wengi zaidi, kwa sababu leso iliyolowa imekuwa jambo la kila siku machoni pake. Baada ya hapo huna haja ya kumshawishi mtu kwamba mfuko wa kupimia damu unaotandikwa chini ya makalio ya mama unahitajika. Msipoupata mfuko wenyewe, pimeni uzito wa leso na pamba kabla na baada, gramu moja mkiihesabu kuwa sawa na mililita moja.

Kisha fundisheni kiwango cha kuchukua hatua. Sisi sote tulifundishwa kungoja mililita 500. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa Oktoba 2025 unataka tuanze matibabu damu ikifika mililita 300 iwapo mama ana dalili yoyote isiyo ya kawaida, kama vile mapigo ya moyo kwenda mbio au presha kushuka, na ikifika 500 hata kama anaonekana mzima. Mabadiliko ya namna hii ndiyo hayamfikii mhudumu wa kisiwani asipoyatafuta.

Matibabu yenyewe yaendeshwe kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo lije jingine: kukanda mfuko wa uzazi mpaka ukaze, oksitosini ya kuukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipa, na uchunguzi wa kutafuta damu inatoka wapi, pamoja na kumtoa mkojo, kutazama kondo la nyuma kama limetoka lote na kutafuta michaniko. Damu isipokatika, mama apewe rufaa mara moja. Katika utafiti ule nilioutaja, kupima kwa mfuko na kuyafanya haya yote kwa pamoja kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Asidi ya traneksamiki ni gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa muda wa dakika 10, nayo ifanyike ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue, kwa kuwa kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa takriban asilimia 10.

Zoezi lifanyikie kwenye chumba chenu cha kujifungulia, kwa kabati lenu na kwa idadi ya watu mlionao usiku. Hili nililijua kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilirudi kutoka kwenye warsha ya siku tatu hotelini, na kabla mwezi haujatimia nikakutana na mama aliyetokwa na damu. Kila dawa nilikuwa naijua kwa jina na kipimo. Traneksamiki ilikuwamo kabatini, kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo alikuwa nao mwenzetu aliyekwisha kwenda nyumbani. Mlinzi alikimbia kuufuata kwa miguu, akazunguka vichochoro gizani, na aliporudi dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwenda. Mama yule alipona baada ya kuongezewa damu, lakini mimi sikulala siku mbili. Kule hotelini hatukufundishwa habari ya ufunguo kwa sababu hapakuwa na kabati. Tangu siku ile, kila zoezi ninaloliendesha huanza kwa mtu kushika saa, na swali la kwanza huwa ni dakika ngapi zimepita mpaka dawa ya kwanza imeshikwa mkononi.

Msimalize kikao hiki bila kulifungua friji. Oksitosini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na joto la hapa mwezi wa Februari, umeme ukipotea nusu siku, linaweza kuiacha chupa ikiwa na jina tu. Someni kipimajoto, tazameni tarehe, na ulizeni ilisafirishwaje kutoka Mokowe, gati la upande wa bara: ndani ya kasha la barafu kama chanjo, au ndani ya mkoba wa mtu juani. Kabetosini isiyoharibiwa na joto inastahimili hadi nyuzi 30, ila kazi yake ni kuzuia damu mara tu mtoto anapozaliwa, na haitumiki kumtibu aliyekwisha kuanza kutokwa. Wahudumu wengi huchanganya hapo.

Hatua ya nne: Changanyeni magnesiamu kwa mikono yenu

Kifafa cha mimba, yaani degedege la mja mzito linalokuja na presha kupanda, kinakuja mara chache kwenye zahanati, na uchache huo ndio hatari yake, kwani siku kinapokuja hakuna anayekumbuka namna ya kuchanganya dawa. Tafuteni chupa za magnesiamu salfeti, ambayo ndiyo dawa yake, zilizopitwa na wakati, zitengwe kwa alama kubwa ya mafunzo, na kila mhudumu achanganye mwenyewe mbele ya wenzake. Dawa iliyo na nguvu ya asilimia 50 ina gramu 5 katika mililita 10. Ili kupata gramu 4 za asilimia 20, vuta mililita 8 za dawa na mililita 12 za maji ya sindano, jumla zikawa 20, na hizo zinakwenda kwenye mshipa polepole kwa dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 katika kila tako, yaani mililita 10 za asilimia 50 pamoja na mililita 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2, ndani kabisa ya msuli. Hizo gramu 14 ndizo dozi ya kuanzia. Kabla ya dozi yoyote inayofuata baada ya saa nne, hesabuni pumzi zisipungue 16 kwa dakika, gongeni goti muone kama linaruka, na mpime mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo ndiyo dawa ya kuokolea pumzi zikizima, ikae kwenye trei hiyohiyo.

Kwetu sisi la kusisitiza ni kwamba dozi ya kuanzia itolewe kabla ya mama kupanda boti. Nimewasikia wenzangu wakisema, “Atapewa akifika.” Mama huyo anaweza kushikwa na degedege katikati ya maji, mahali ambapo hakuna hata pa kumlaza kwa ubavu vizuri.

Katika zoezi hili hili wekeni igizo la maneno. Mmoja awe mavyaa aliyekuja na mgonjwa, ashike kikombe cha kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani), aseme kwamba mkazamwana amepandwa na pepo na lazima anywe sasa hivi. Mhudumu kijana atapenda kumkaripia, na akimkaripia, familia itamchukua mgonjwa wao iende zake. Afundishwe kusema kwa upole: “Bi mkubwa, shikamoo. Kombe lake mwekee, atalinywa akizinduka. Kwa sasa chochote kitakachotiwa kinywani kitamwingia mapafuni kimdhuru. Wewe kaa hapa kichwani pake umsomee, nami nimchome sindano.” Jambo hili lina faida mbili, kwani mavyaa ana kazi ya kufanya na heshima yake imebaki, na mgonjwa hakunyweshwa kitu.

Hatua ya tano: Ingizeni safari ya bahari ndani ya mafunzo

Sijaona muhtasari wa masomo uliomtaja nahodha, na hilo ni pengo kwa visiwa vyetu. Mara mbili kwa mwaka fanyeni zoezi zima kuanzia kitandani hadi gatini: nani anapiga simu ya boti ya wagonjwa, nani anaipigia hospitali inayompokea na kutaja damu iliyotoka, presha na dawa zilizotolewa pamoja na saa zake, nani anabeba machela, na ngazi za gati zikoje maji yakiwa yamekupwa. Nahodha awepo, mlinzi awepo na mfagizi awepo, kwani usiku wa manane hao ndio mikono ya ziada. Nahodha ndiye atakayewaambia kwamba katika siku za bamvua, maji yakitoka, njia ya Mkanda baina ya Manda na bara hupitika kwa taabu, na kwamba kuzunguka kwa nje wakati wa kusi ni safari nyingine kabisa. Jedwali la maji ya mwezi libandikeni ukutani karibu na simu, kwa sababu saa ya kuamua rufaa Pate na Faza haiwezi kutenganishwa na saa ya maji.

Fundisheni pia vazi la kuzuia mshtuko, lile linalofungwa miguuni, nyongani na tumboni kwa kubana ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo mama akiwa safarini. Kulifunga kunaanzia vifundoni kwenda juu. Kulifungua kunafuata utaratibu huohuo wa kuanzia chini, pole pole, mama akiwa ameshatibiwa na hali yake imetulia, na kamwe lisifunguliwe gatini eti nguo zake zitazamwe. Limewahi kufunguliwa hivyo na mpokeaji ambaye hakulijua, basi andikeni maelezo mafupi myabandike juu ya vazi lenyewe.

Hatua ya sita: Yafundisheni na yale yasiyo ya dharura, kwa sitara

Saratani ya mlango wa kizazi inazuilika, na wanawake wetu wanaifia kwa kuchelewa kuchunguzwa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kufikia mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na ugonjwa watibiwe. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Uchunguzi kwa asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, ambao wengi wetu tunauita kipimo cha siki, unahitaji jicho lililozoezwa: paka, ngoja dakika moja kamili kwa saa, kisha tafuta weupe wenye mipaka. Jicho hilo halipatikani kwa picha tano za warsha. Mhudumu mpya atazame pamoja na mzoefu, kila mmoja aandike jibu lake kivyake kabla ya kulinganisha. Kipimo cha virusi vya HPV kina heri nyingine kwa miji ya sitara kama yetu, kwa kuwa mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe sampuli kwa pamba, nyuma ya pazia, pasi na mtu kumtazama. Wahudumu wajizoeze kumweleza hatua kwa hatua kwa Kiswahili chepesi, na mzoefu awasikilize wanavyosema.

Kuhusu namna ya kumchunguza mwanamke, mimi huanza na sentensi moja na kuwataka wote waiseme mpaka iwatoke bila kufikiri: “Dada, naomba ruhusa nikufunue upande huu tu, kwengine kote kutabaki na sitara, na ukisema basi nitaacha.” Halafu mlango ufungwe kweli, na leso ya kujifunika awe amepewa kabla hajavua. Mwanamke aliyeaibishwa mara moja harudi, wala binti yake haji.

Wako pia akina mama waliokeketwa na kushonwa, hasa wanaotoka katika baadhi ya jamii za bara. Wahudumu wafundishwe kulitambua hilo mapema kwenye kliniki, kupanga namna ya kufungua na kuzalisha kwa usalama, na kukataa kushona tena hata ndugu wakiomba. Ukeketaji umekatazwa Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na katazo hilo linamhusu pia mhudumu wa afya.

Hatua ya saba: Watafute walimu na maarifa mapya

Mwalimu wa kwanza ni yule mwenzenu anayelijua jambo vizuri, hata akiwa mdogo kwa cheo. Wa pili ni mkufunzi wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kilichopo hapa hapa Lamu. Wa tatu ni daktari bingwa wa wanawake wa hospitali ya rufaa Mombasa, ambaye anaweza kuzungumza nanyi kwa simu nusu saa kwa mwezi juu ya kisa kimoja mlichomwandikia mapema. Pale mtandao unapokatika ovyo, pakueni mnapofika mjini zile programu za simu zinazofanya kazi bila intaneti, kama vile Safe Delivery App ya Maternity Foundation, pamoja na video za Global Health Media zilizo na tafsiri ya Kiswahili.

Kila robo mwaka mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza swali hili: ni kitu gani tunachokifanya ambacho mwongozo umeshakibadilisha? Mfano ni huu. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, tuliyosomea ilihesabu uchungu wa kasi tangu mlango wa kizazi ufunguke sentimita 4, lakini Mwongozo wa Huduma ya Uchungu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanza kuhesabu kwenye sentimita 5. Tofauti ya sentimita moja inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua ni mama gani atakayevushwa bahari bila haja.

Hatua ya nane: Hesabu ya pointi

Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, maafisa wa kliniki wana baraza lao, na madaktari wana lao, na kila moja linataka ushahidi wa masomo, unaohesabiwa kwa pointi, linapohuisha leseni. Kabla ya kuanza, msimamizi aandikie baraza husika au apitie hospitali iliyokwisha kukubaliwa kutoa mafunzo, ili vikao vyenu vihesabiwe. Kila kikao kiwe na tarehe, mada, jina la mwezeshaji, saa ya kuanza na kumaliza, na sahihi za waliohudhuria. Pigeni picha karatasi hiyo siku hiyohiyo, kwani karatasi za kituoni hupotea.

Hatua ya tisa: Pima, kisha kabidhi

Mtihani wa maswali kumi kabla na baada ya kikao unaonyesha kile mtu alichokishika siku hiyo. Mimi hutazama rejista tena baada ya miezi mitatu, nikitafuta mambo matatu tu: dakika kutoka damu kugunduliwa mpaka dawa ya kwanza, waja wazito ambao presha yao imeandikwa kila walipokuja, na wagonjwa wa kifafa cha mimba waliopanda boti wakiwa wameshapata dozi kamili. Nambari hizo ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi ya ukutani, chumba cha wahudumu, mwezi kwa mwezi. Dakika zikipanda, au hizo nyingine mbili zikishuka, rudini kwenye zoezi lilelile msione haya.

Wahudumu wa visiwani huhamishwa mara kwa mara, na programu nyingi hufa siku aliyezianzisha anapofunga mizigo yake. Kwa hiyo tangu mwanzo muwe wawili mnaoendesha, na kila baada ya miezi sita mmoja ampishe mwingine. Vifaa vyote vikae ndani ya kikapu kimoja chenye kifuniko: leso mbili za zoezi, mfuko wa kupimia, rangi, saa ya ukutani ya ziada, chupa za mafunzo, kadi za dozi zilizowekwa nailoni na daftari la vikao. Anayepokea ahesabu kila kitu mbele ya anayeondoka, aendeshe zoezi moja la damu mbele yake, na aonyeshwe ufunguo wa kabati unaning’inia wapi.